Blanketi la Bibi

Nilikuwa na miaka arobaini na tisa, na nilikuwa nasema arobaini. Wasichana wa Majengo walionunua mafuta kwangu waliamini, au walinyamaza kwa adabu, na mimi sikujisumbua kujua ni kipi kati ya hivyo viwili. Binti yangu alikuwa na ishirini na nne. Mtu akianza kupiga hesabu nilimkatiza kwamba niliolewa mdogo sana, kisha nikamwonyesha sabuni mpya.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mume wangu, dereva wa lori la shirika moja la umma, alikuwa amepunguzwa kazini pamoja na wenzake, nyumba yote ikawa inanitazama mimi. Nikafungua kibanda cha vipodozi. Miaka michache nyuma tulikuwa tukipanga foleni kupata kipande cha sabuni ya kufulia na tukiogea hiyo hiyo. Sasa mizigo iliingia kutoka Zambia, mingine ilishushwa Kasanga ikitoka Kongo: mafuta ya kung'arisha uso, dawa za kulainisha nywele, rangi za midomo, na piko ya unga ya kuficha mvi. Nilijipaka kwanza mimi mwenyewe, maana nani atanunua urembo kwa muuzaji aliyepauka kwa upepo wa Ufipa? Uso ukang'aa. Vifundo vya vidole vikakataa, vikabaki vyeusi, nikajifunza kupokea hela kiganja kikiwa juu, vifundo vimefichwa chini. Kila Jumapili ya pili nilikoroga piko nikajipaka, mume wangu akapita uani na kuniuliza kama barabara imekwisha au bado naendelea kumwaga lami. Sikucheka. Siku hizo mzaha wa nywele ulinikera kuliko tusi.

Mama yangu aliishi Mwazye, na kichwa chake kilikuwa cheupe pee. Wala hakuwa mtu wa kujisahau. Kila asubuhi alichana nywele zake kwa kitana cha mti, akazipaka mafuta ya karanga kidogo kwa ncha za vidole, akazilaza nyuma, na akimaliza alijipapasa kichwani kuhakikisha hakuna unywele uliosimama. Alizipenda mvi zake. Mimi nilikuwa nauza dawa ya kuziua, na sikuwahi kukaa chini nikafikiri kwamba kuna mtu anaweza kuzipenda.

Ukoo wa kijana aliyemposa binti yangu ulipotuma neno kwamba wanaleta mahari, mama alikuja wiki nzima kabla, juu ya lori la mahindi, na kikapu chake cha ulezi. Wale walikuwa Wasukuma waliohamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao, watu wa heshima, wenye maneno machache. Katika orodha ya vitu walivyopaswa kuleta mlikuwa na blanketi la bibi. Kila mtu wa kwetu anajua maana yake: mama mzaa mama hufunikwa mabegani na upande wa mume mbele ya watu, kumshukuru kwa mtoto. Na kwa binti yangu haikuwa shukrani ya mdomoni. Mama ndiye aliyemlea mpaka alipofika umri wa kuanza shule, wakati mimi nikimfuata mume wangu kwenye vituo vyake.

Mama alikuwa na wajukuu wengine wa kike watatu, na hakuna hata mmoja aliyemletea blanketi. Wa kwanza alitoroshwa. Wa pili mahari yake ilimalizwa Mbeya bila bibi kuitwa, na wa tatu alifunga ndoa ya haraka tumbo likiwa limetangulia. Binti yangu ndiye aliyebaki. Wiki ile mama aliniuliza kila siku, akijifanya anauliza kitu kidogo, kama wakwe ni watu wa kutimiza walichoandika. Nikamwambia ni watu wa kutimiza. Akasema, "Basi nitafunikwa na mimi," akaendelea kuchambua maharage.

Nilijua, kwa hiyo, alichokuja kukitafuta. Sitaki mtu anitetee kwamba sikujua.

Siku mbili kabla ya wageni, nilirudi kutoka kibandani nikamkuta ameketi barazani na wateja wangu wawili waliokuja kuulizia mafuta. Mmoja akaniuliza, "Huyu ni mama yako mzazi? Mbona mzee sana?" Hakuwa na ubaya wowote. Lakini niliona macho yake yakitoka kwenye kichwa cha mama kuja kwenye uso wangu na kurudi tena, na nilijua hesabu inapigwa. Na siku ya mahari hao hao wangekuja kupika, pamoja na wanawake wote wa upatu wetu. Nililala na jambo hilo. Asubuhi nilikoroga piko ya kututosha wawili.

Mama alipoona bakuli aliuliza ni uji gani mweusi hivyo. Nikamweleza. Nikasema wakwe wasije wakadhani tunamtupa, kwamba mzee akipendeza nyumba nzima inapendeza, kwamba siku hizi hata wake za wakubwa wanapaka. Maneno yote ya kibandani niliyamwaga pale.

"Mvi zangu zimekukosea nini, mwanangu?"

"Hazijanikosea, mama. Ni kwa siku moja tu."

"Zitarudi?"

"Zitarudi."

Akainamisha kichwa. Alikubali kwa sababu nilikuwa mimi, na kwa sababu alikuwa mgeni katika nyumba yangu. Piko ilimuunguza, niliona akikunja vidole vya miguu, na nikamwambia avumilie kidogo. Nilipomsuuza, nywele zilitoka nyeusi kama masizi ya sufuria, na mstari wa rangi ukabaki kwenye paji la uso, ambao niliusugua kwa limau. Nikampa kioo. Alijitazama, akanirudishia. Nilimwambia amependeza. Uongo mwingine mtu anausema huku amefurahi, na mimi nilifurahi kweli.

Siku yenyewe baridi ilikuwa kali, ile ya katikati ya mwaka. Wanaume walimaliza mambo yao sebuleni, wanawake tukakaa uani juu ya mikeka, binti yangu akiwa amefichwa chumbani na wenzake. Tulikaa kwa safu. Mwanzoni mwa safu alikaa jirani yetu mmoja, mjane kutoka Kizwite aliyeuza nyanya karibu na kibanda changu, mdogo kwa mama kwa miaka kumi na zaidi, lakini mvi zilimwahi. Mimi na mama tulikaa pamoja katikati, vichwa viwili vya bakuli moja.

Shangazi wa kijana akaingia na blanketi begani. Mwanamke mrefu, mchangamfu, hakuwahi kutuona hata mmoja wetu. Hapo ndipo mchezo wetu wa siku zote ulipoanza: wifi yangu akamwambia bibi hatuonyeshi, amtafute mwenyewe, na akimkosa ni faini ya kreti la soda. Mwenye kusema ndiye au siye ni mama wa binti peke yake. Wengine wote wanafunga midomo. Ni mchezo mwepesi sana. Mgeni anatazama vichwa tu.

Akatazama vichwa. Akaenda moja kwa moja kwa jirani, akapiga magoti, akasema, "Shikamoo, bibi," akamfunika blanketi.

Wanawake wakaanza kucheka, wakisubiri nitangaze faini. Jirani naye alicheka, akashika ncha ya blanketi tayari kulivua. Shangazi akaona kicheko, akageuka kwangu. Akanitazama mimi, akamtazama mama, akanitazama tena.

"Nimekosea, mkwe? Maana kama si huyu, simwoni mwingine. Ninyi wawili naona ni mtu na dada yake."

Alisema kwa nia njema kabisa, ya kutusifu. Mimi nilisikia joto likipanda mpaka masikioni. Fedha yote ile ya mafuta, Jumapili zote zile, na mwanamke mwenye macho mazuri ametutazama akaniweka rika moja na mama yangu wa miaka sabini na mitano. Wateja wangu walikuwa wameziba midomo kwa khanga. Ningesema "Umekosea, bibi ni huyu," uani pote pangelipuka. Wangeupeleka mzaha ule sokoni kabla ya jua kuzama: mwenye duka la urembo hatofautishwi na mama yake.

Mama alikuwa ameshajiweka sawa. Aliteremsha khanga kidogo mabegani, kuachia nafasi.

Nikasema, "Hujakosea. Ndiye."

Vigelegele vilichelewa. Wifi yangu alinitazama kama mtu aliyesikia vibaya, lakini neno lilikuwa langu, na mama wa binti akishasema amesema. Jirani aliacha kucheka. Alinitafuta macho nimpe ishara yoyote, nami nikatazama mkeka. Kisha wakapiga vigelegele, na pembeni yangu nikasikia mama akipiga makofi pamoja nao, taratibu. Alikuwa ameipandisha khanga yake tena mpaka shingoni.

Nilijiambia nitarekebisha baadaye. Nitamwita shangazi pembeni, tutacheka, nitaomba blanketi. Ilifika saa ya chakula, nikawa na shughuli. Wageni wakaaga, nikawasindikiza mpaka barabarani, nikasimama na yule shangazi ameshika mkono wangu, nikamwambia asante kwa yote. Sikusema. Ilikuwa rahisi wakati ule kusema, hakukuwa na mteja hata mmoja karibu, na bado sikusema.

Jirani alirudi jioni ile ile na blanketi amelikunja vizuri. Alimpigia mama magoti, jambo ambalo hakuwa analifanya, akaliweka mapajani mwake. "Mama, hili ni lako. Nisamehe, nilishindwa kuongea."

Mama akalipapasa. Lilikuwa zito, la rangi ya kahawia, lenye mistari. "Zuri," akasema. "Kaa nalo. Wewe ndiye waliyemfunika." Jirani alibisha, mama akamrudishia mikononi kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Binti yangu aliposimuliwa alilia, akaja kuniuliza kwa nini. Nikamjibu kwamba mambo ya watu wazima hayamhusu. Alikuwa anaolewa, na nikamjibu hivyo.

Kesho yake mama aliniomba wembe.

Nilidhani ni vidonda vya piko, maana kichwa kilikuwa kimeanza kumchubuka. Nikamwambia nina mafuta ya kuponya. Akasema hataki mafuta, anataka kunyoa zote, ziote upya. Mkono wake ulikuwa unatetemeka siku hizo, kwa hiyo ilibidi nimnyoe mimi. Nilimnyolea uani, mahali pale pale tulipokuwa tumekaa, na nywele nyeusi zikaanguka juu ya khanga. Chini yake ngozi ilikuwa na mabaka ya rangi. Nilitaka kusema nisamehe, na neno nilikuwa nalo mdomoni kabisa, lakini nikasema, "Inamisha kidogo."

Kwetu mwanamke mzee hanyoi kipara hivi hivi. Akionekana kanyoa, watu wanajua amefiwa, tena amefiwa na mtu wa karibu. Nilimtolea kitambaa kipya cha kujifunga. Akakikunja, akakiweka kwenye kikapu. Alipanda lori la kurudi Mwazye akiwa kichwa wazi katika ule upepo, na nilimwona utingo akivua kofia na kumpa pole, na mama akiitikia.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, nikiwa napanga chupa kibandani, walikuja wanawake wawili wa Mwazye, majirani wa mama tangu utoto wangu. Walikuwa wamejifunga khanga viunoni kimsiba, na kila mmoja ana furushi la maharage kichwani. Walitua mizigo, wakanishika mikono.

"Pole, mwanetu," mkubwa wao akasema. "Tulimwona mama kanyoa. Tukamuuliza ni nani aliyefariki, hakutaka kusema. Akasema tuje tukuulize wewe, wewe ndiye unayejua."

Msichana mmoja alikuwa amesimama kwenye meza anachagua rangi ya midomo. Akairudisha mahali pake, akasubiri na yeye kusikia. Ningeweza kusema hakuna aliyekufa. Lakini wangeuliza basi mama amenyolea nini, na wametoka mbali. Nikafungua mdomo, kilio kikatoka, na wale wanawake wakanikumbatia pande zote mbili. Wakaniketisha kwenye kigoda, wakaniambia nilie tu, nisijizuie, Mungu ndiye anayejua. Mmoja alinivua kilemba akawa ananipapasa nywele zangu, na niliona vidole vyake vikitoka na weusi kidogo. Akajifutia kwenye khanga. Nikawaacha wanibembeleze. Nikayapokea na maharage.