Kidawa Abisha Hodi kwenye Barafu

Saa nne asubuhi, Johannesburg. Nje, jua linachoma mabati ya Turffontein. Ndani ya uwanja wa barafu, Kidawa Vuai amepiga magoti, koti la sufu juu ya buibui, anakaza maikrofoni ndani ya ubao wa ukingoni. Viti vyote vitupu. Anavaa hedifoni, anasikiliza.

"Leo kumetulia," anasema, na wala hafurahi.

Mzaliwa huyu wa Makunduchi, Zanzibar, ni fundi sauti wa kituo kidogo cha televisheni. Alianza kwa kufagia majukwaa ya uwanja huuhuu, akajifunza kukunja nyaya za wapiga picha, mwisho akakabidhiwa maiki. Mshahara haumtoi kwenye chumba chake cha Jeppestown, ila unasomesha wanawe wawili.

Mwaka jana, 2017, nusura aukose. Watazamaji walichoshwa na hoki ya barafu. Tuseme ukweli: paki, kile kisahani cha mpira mweusi, kinakwenda mbio mno, kwenye televisheni ya spaza, kiduka cha mtaani, unaona watu wazima wakigombania kivuli. Bosi wake Jacques, Mkongo wa Lubumbashi, akamwambia fainali ikilalamikiwa, hoki inafutwa na kazi yake nayo.

"Nikasema, kama jicho halioni, basi tulishe sikio," anasimulia Kidawa. Akatoboa mbao, akaficha maiki usawa wa barafu, ili mtazamaji afuate paki kwa mlio.

Siku ya majaribio uwanja ulikuwa mtupu, lakini akasikia viatu vya vyuma vikikata barafu. Vikazunguka, vikakaribia, vikasimama mbele ya maiki. Akavua hedifoni: kimya. Akavaa: mtu anahema.

"Ni mashini ya baridi tu, mama," Jacques alimwambia. Wakaizima. Kuhema kukaendelea.

Hapo Kidawa akalitambua kosa lake. Kwao, hata nyumba iliyohamwa huiingii bila hodi, sembuse kuitoboa ukuta. Akamwachia Jacques hedifoni, akaenda kwenye kilango cha barafu, akabisha. Yeye hakusikia kitu. Jacques akafanya ishara ya msalaba.

"Mimi niko mtu wa kanisa," Jacques anasema, akiangalia pembeni. "Lakini kuna mwanamke alijibu, 'Karibu.' Pole pole tu. Eish."

Fainali ikasikika vizuri ajabu. Mzee mmoja asiyeona, wa Diepsloot, alipiga simu kituoni kushukuru: kwa mara ya kwanza ameufuata mchezo. Akauliza jambo moja tu. Yule anayecheza kuwashinda wote, mbona hapumziki wenzake wakitoka?

Hoki ikabaki. Lakini msimu huu kituo kinataka na picha: kamera usawa wa barafu, paki ionekane, la sivyo hoki inafutwa. Kamera imeshafika, imo sandukuni.

"Kushika kamera ndiyo ndoto yangu, wallahi. Lakini mie nilikaribishwa kusikiliza, sikuambiwa nichungulie," anasema Kidawa. "Leo nimeshabisha mara mbili. Kimya. Na hodi kwetu ni tatu. Ya tatu ikikosa jibu, mgeni anarudi alikotoka."

"Na kazi?" mwandishi anamuuliza.

"Kazi nitatafuta."

Anamvisha mwandishi hedifoni, anasogea kilangoni, anaweka mkono kwenye ubao.

"Nikishabisha ya tatu, niangalie usoni," anaomba. "Nikiitikiwa, usinifiche."