Dakika Tano za Mlango Wazi

Mwaka 1998 tulikuwa tukiishi ghorofa ya sita, mtaa wa Xiaobei huko Uchina, chumba na sebule. Mume wangu, Salvatory, alishinda kwenye masoko ya barabara ya Guangyuan Xilu akinunua nguo za kupeleka Mwanza. Mimi nilishinda ndani na binti yetu Agape, mwenye miaka tisa. Agape haongei. Akikuta mlango wazi anakimbia, na mara mbili alikutwa amelala kwenye kitanda cha majirani Wachina. Mwenye nyumba alituonya: ya tatu, tunahama. Shule mbili nilizokwenda zilimkataa. Basi mlango nikaufunga, ufunguo nikauvaa shingoni.

Dorothea, msichana wa Bukoba aliyekuwa akisomea ualimu hukohuko Uchina, alikuja kunisaidia kumpangia masomo ya nyumbani. Mimi niliishia darasa la saba. Nilikuwa nimeandika hesabu, kusoma, jiografia. Akacheka.

“Mama Agape, jiografia ya wapi, na hata kichochoro hakijui? Tumpangie yeye, si darasa zima. Akijua kitu gani mtapumua?”

“Asimame nikimwambia simama.”

Akaandika hicho tu. Kila asubuhi nifungue mlango dakika tano, nimfundishe pale kizingitini, kisha niweke alama ya vema.

Wiki tatu niliweka vema. Mlango sikuufungua hata siku moja. Nilisimama naye ndani, nikasema simama, naye akasimama, maana hakuwa na pa kwenda.

Jumamosi Dorothea akaja, akasoma karatasi, akafurahi, akaniomba ufunguo. Mlango ulipofunguka tu, Agape akatoka mbio. Tulimpata ghorofa ya pili.

“Riadha amefaulu,” Dorothea alisema akihema. Kisha akanitazama. “Mama, hizi alama?”

“Za uongo. Tukifukuzwa hapa tutakwenda wapi?”

“Na akikaa ndani mpaka awe mtu mzima?”

Nikamwingiza Agape ndani, nikafunga mlango. Dorothea akachukua kalamu, na pale penye mwanafunzi, juu ya jina la Agape, akaandika langu. Dakika tano akazifanya moja.

Jumatatu nilizungusha ufunguo, nikafungua mlango.

“Simama.”

Agape akashuka ngazi mbili. Nikamdaka gauni, nikamrudisha ndani, nikafunga. Nilikaa sakafuni, mgongo mlangoni. Kisha nikafungua tena.