Shamari ya Maua Meupe

Iko siku moja, mwanangu, ambayo ningeomba nisiikumbuke, lakini hunijia kila mwaka baridi ikiisha na majani ya kando ya mto yakianza kurefuka hapa Riverdale Park, Amerika. Nimechoka nayo. Nakusimulia kwa sababu jana nilikuona umeielekeza simu yako kwenye mmea, ukaniambia, "Bibi, app inasema ni fennel, I'm pretty sure." Fennel ndiyo shamari yetu; magoti yalikuwa yananiuma, nikaingia ndani na maneno yangu. Leo nitayasema.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka Tanga hata mwaka haujatimia. Kazi yangu ilikuwa kumtunza mama mmoja mzee, Bi Salma, mjane wa Kilebanoni. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na kibustani cha maua ya mwituni ya kwao, yale yaotayo yenyewe kwenye vilima vya pwani ya Mediterania. Kulikuwa na kamomili ya kutuliza tumbo, khubeza la kulainisha kifua chenye kikohozi, na zaatari aliyoichemsha mafua yakimshika. Alikuwa akinipigisha magoti kwenye udongo, mimi na sare yangu nyeupe ya kazi.

"Usitazame ua peke yake," alikuwa akisema. "Geuza jani. Papasa shina. Kisha nusa. Kimoja kikikataa, liache lilipo."

Nami huitikia "ndiyo, mama," huku nawaza basi la kunirudisha nyumbani. Shamari hakuwa nayo bustanini, lakini alinieleza ilivyo: majani membamba kama nyuzi, maua ya manjano, harufu tamu. Nikamjibu kwamba shamari naijua tangu utotoni. Nilichokijua hasa ni mbegu kavu zilizofungwa kwenye kikaratasi cha dukani. Mmea wenyewe sikuwahi kuuona.

Wakati huo rafiki yangu Zuhura, mtu wa Mombasa, alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Unajua kwetu mzazi hakai peke yake arubaini yake. Lakini huku hakuwa na mama wala shangazi, na mumewe alikuwa akishinda kazini mji wa mbali, Sterling. Basi nikajifanya mimi ndiye mama. Maziwa yalikuwa hayamtoki vizuri, mtoto analia, yeye mwenyewe hana usingizi.

"Wee Mwanaidi," aliniambia, "nitafutie dawa yoyote ile. Nimechoka miye."

Kesho yake asubuhi, nikipita kando ya kijito, nikaona majani membamba yamejaa ukingoni, nikaikumbuka shamari, ambayo kwetu mzazi huchemshiwa ili maziwa yaje. Maua yake yalikuwa meupe. Nilisimama, mwanangu, usidhani sikusimama. Nilikumbuka kabisa kwamba niliambiwa manjano. Nikajiambia labda ya Amerika huwa meupe. Kunusa sikunusa, nilikuwa nawahi kwa Zuhura kabla ya kazi. Nikachuma fungu zima, nikapita kwa Zuhura, nikachemsha sufuria nzima, nikamwambia alale kwanza, akiamka anywe kikombe. Nikaondoka kichwa kimevimba, najiona mkunga.

Mchana, kwa Bi Salma, nilitoa kitawi kimoja nilichokibakiza, nimwonyeshe kwamba mwanafunzi wake amehitimu. Alikichukua, akakigeuza, akanionyesha madoa ya zambarau kwenye shina. Akakisugua na kunisogezea puani. Kilinuka kama mkojo wa panya. Akakitupa, akanawa mikono mara mbili.

"Hii inaua," alisema. "Kwetu mbuzi akiila hulegea miguu kwanza, kisha pumzi. Umempa nani?"

"Sijampa mtu, mama."

Saa ya jikoni ilikuwa saa saba na robo. Simu ilikuwa imetundikwa ukutani kando ya mlango, na namba ya Zuhura nilikuwa naijua kwa moyo. Nilipita kando yake nikaenda kuvaa koti. Nilimwambia Bi Salma kichwa kinaniuma, naomba niende. Nia yangu ilikuwa nifike, niimwage sufuria, niseme dawa imechacha, na asijue mtu. Niliona aibu. Hakuna sababu nyingine, na nimeitafuta miaka mingi.

Niliunganisha mabasi mawili. Nilimkuta Zuhura sakafuni, miguu haimbebi, mate yanamtoka, na mtoto analia kitandani. Hapo ndipo nilipoishika simu. Watu wa gari la wagonjwa niliwaeleza kila kitu, nikawapa na sufuria. Siku tatu alipumua kwa mashine. Mtoto alinyonya chupa mikononi mwa baba yake, aliyenigeuzia mgongo, na sikumlaumu.

Aliporudi nyumbani nilikwenda kumwomba radhi. Alikuwa amekaa kwenye kochi, amekonda, mtoto mapajani. Nikamsimulia kuhusu maua meupe na jeuri yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Hujui ni hujui tu, dadangu," akasema. "Hilo nshakusamehe. Lakini wewe ulijua saa ngapi?"

Ningeweza kudanganya tena. Nikamwambia, "Saa saba na robo."

Alimfunika mtoto vizuri kabla hajajibu. "Miye niliamka saa saba u nusu," akasema. "Nikakaa hapa karibu na simu, nikanywa."

Hakunifukuza. Harusi zote za wanawe nilialikwa, na sikukuu hunipigia mpaka leo. Ila chakula changu hajakila tena. Nikipeleka bakuli hulipokea kwa shukurani, akaliweka kando, nami huangalia pembeni. Tumezeeka hivyo.

Basi sikia, mwanangu, maana sitakuwa na nguvu ya kulirudia hili. Mimea utajifunza, na utakosea, kama tulivyokosea wengi. Usimpe mtu dawa ambayo wewe mwenyewe una wasiwasi nayo, hata kama wote wanakungojea wewe. Lakini siku ukijua kwamba umekosea, sema palepale, kwa yule yule aliye hatarini, kabla hujavaa koti, kabla hujapanga maneno mazuri. Aibu ya kusema ingenimaliza mchana mmoja. Ya kunyamaza ninayo mpaka sasa.

Mungu akujaalie ulimi mwepesi siku utakayoteleza, akuwekee karibu watu watakaokusikiliza kabla hawajakulaumu, na asikuonjeshe swali lile nililoulizwa mimi. Amina.