Maji ya Chilangala kwenye Bajeti

Siku yangu ya kwanza kazini Masasi, Mkuu wa Idara ya Mipango alinisukumia kabrasha zito. "Binti," alisema, "Hazina haisomi huruma. Inasoma vifungu." Kwake nilijifunza kutenganisha matumizi ya kawaida, yaani mishahara na uendeshaji wa ofisi, na fedha za maendeleo, zile zinazojenga. Nilijifunza pia neno lililotutisha kuliko yote: ukomo, kiwango cha juu ambacho Hazina inairuhusu halmashauri kupanga. Ukishuka, miradi inakatwa.

Nilipohamishiwa Newala, ukomo ulishuka kabla sijafungua mizigo. Mkurugenzi wa halmashauri alitaka tukate zahanati ya Chilangala, kijiji ambacho wajawazito walibebwa kwa machela hadi mjini.

"Lakini kuta zimesimama, mzee," nilimwambia.

"Kwenye safu ya nguvu za wananchi, yaani walichochangia wenyewe, wameandika 'hakuna'. Mkoani nitawatetea kwa lipi? Una hadi Ijumaa."

Kesho yake nilipanda bodaboda. Mtendaji wa kijiji alikiri kwamba hakukusanya mchango wa fedha. Korosho hazikuzaa mwaka ule. Pale kwenye kuta nilimkuta mkulima mmoja, Mama Zuhura, akipalilia mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Matofali haya mlifyatua kwa maji gani?"

"Ya bondeni. Tulipandisha sisi wanawake, ndoo kichwani, kiangazi kizima."

"Mbona hamkuandika?"

Alicheka hadi akaegemea jembe. "Maji tu hayo! Tukiandika maji, si tutaandika na kusonga ugali?"

Basi tuliyaandika. Mtendaji aliitisha mkutano mkuu wa kijiji. Kila kaya ilitaja safari zake, waliozidisha wakazomewa, na tukayathamini maji kwa bei ya wachuuzi wa mjini. Muhtasari ukagongwa mhuri.

Ijumaa Mkurugenzi aliusoma wote, akavua miwani. "Hawa wamewashinda wenzao wote. Kata ukarabati wa ofisi yangu." Mkoani aliutetea mradi ule mwenyewe, na Bunge lilipopitisha bajeti, Chilangala ilikuwamo.

Sasa nimestaafu. Vijana mnapanga bajeti kwenye kompyuta, kazi safi na ya haraka. Lakini mkikuta pameandikwa "hakuna", nendeni mkaone.

Majuzi nilipita Chilangala. Mama Zuhura alinivuta hadi wodi ya wazazi, alikolala mkwewe na kichanga cha siku moja.

"Amekuja kwa miguu yake," alisema, "na njia nzima anatugombeza sisi tuliomsindikiza, eti tunamchelewesha!"