Waasi wa Ghala la Sponji

Fundi magodoro, ambaye wenzake wa bendi walimwita Radi, alikuwa mwasi aliyevua viatu mlangoni. Afanyeje? Walifanyia mazoezi nyuma ya duka lake, katika ghala la sponji, na mkewe alishaonya: alama moja tu ya kiatu kwenye godoro jeupe, bendi nzima ingefungasha virago. Basi kila Jumamosi mchana waliingia kwa soksi: Radi kwenye ngoma, shemeji yake kwenye gitaa na uimbaji, na muuguzi mmoja wa kike kwenye besi. Suruali ya shemeji ilichanika magotini, lakini ilipigwa pasi.

Walipiga roki nzito, nyimbo za kuwafokea wakubwa, na walijivunia jambo moja: tangu ujana wao, hakuna jirani aliyethubutu kulalamika.

"Wanatuogopa," shemeji alizoea kusema.

Radi alikuwa na fahari yake ya siri. Mkewe alishona vitambaa vya magodoro pale mbele dukani na hakuwahi hata kukunja uso. Huko ndiko kupendwa, alijiambia.

Jumamosi moja kijiti cha ngoma kilimvunjikia katikati ya wimbo. Akatoka kufuata kingine, akaurudisha mlango, wenzake wakiendelea kunguruma. Huku nje muziki wao ulisikika kama mzee anayekohoa chini ya blanketi. Msusi wa jirani alikuwa dukani, amekuja kuazima mkasi.

"Fundi, umeamka?" akamtania. "Mkishaingia humo kunakuwa kimya, nasema hao wamelala. Magodoro si yapo!"

"Tena hutoka na jasho la usingizi," mkewe akaongeza, macho kwenye cherehani.

Kumbe mkewe hakuvumilia chochote. Hakusikia; sponji ilimeza yote.

Alipowaeleza wenzake, shemeji alikaa kitako juu ya sponji.

"Yaani wakubwa tumewafokea kwa kunong'ona? Nauza gitaa."

"Shemeji, subiri," Radi akasihi. Bila gitaa hakuna bendi, na bila bendi yeye angebaki fundi magodoro tu. "Wiki ijayo tuyatoe magodoro yote nje. Asipolalamika mtu, uza."

"Hata mmoja akilalamika, nabaki."

Jumamosi iliyofuata waliyapanga magodoro uani, wakafungua milango. Pigo la kwanza liligonga ukuta, likamrudia Radi kifuani. Muuguzi aliruka. Hawakuwahi kujisikia wenyewe.

Mtaa ulitoka. Msusi alikuja na kitana mkononi, mteja wake akimfuata na kichwa nusu kimesukwa. Wakatikisa mabega. Wakapiga makofi!

"Wanafurahi," shemeji alisema kwa uchungu, akichomoa waya. "Tumekwisha."

Radi akaviweka vijiti magotini.

Hapo mkewe akaingia, futi ya kupimia shingoni, vidole masikioni.

"Nyie! Kelele gani hizi? Kichwa kinanipasuka! Na wewe kaka, unaimba au umebanwa na mlango? Miaka yote hii mnafanya uchafu huu dukani kwangu?"

"Hupendi, mke wangu?" Radi aliuliza, sauti ikitetemeka.

"Nachukia!"

Shemeji alikuwa ameshauchomeka waya.

"Dada yangu," alisema, machozi yakimlengalenga, "hebu rudia, wote wasikie."

Akarudia, tena kwa matusi, lakini hakuna aliyemsikia. Radi alikuwa ameshaanza.