Mama Vikopo na Vifuniko Viwili

Saa moja na nusu asubuhi, mwanamke aliyevaa barakoa nzito anasimama upande unakotoka upepo, hatua mbili kutoka kwa mwanamume anayetema ndani ya kikopo cha plastiki. Mwanamume anakiinua kikopo kama mtu aliyemaliza mtihani kabla ya wenzake.

"Hayo ni mate, fundi," mwanamke anamwambia. "Mate hata mimi ninayo. Nataka yale yanayokusumbua."

"Yamekwisha, mama. Labda yaliisha mlipoyachukua mara ya kwanza."

"Hayaishi kwa kuchotwa kikopo kimoja. Keti, tuanze upya."

Kibanda walichomo kina paa la bati, nguzo nne na benchi moja. Ukuta hakina, kwa sababu hapa upepo ni sehemu ya kinga. Kipo nyuma ya zahanati, na mtu anayekaa kwenye benchi lake huona mlango wa maabara moja kwa moja. Mwanamume huyu ni fundi viatu. Mashavu yamemwingia ndani, na vidole vyake vimekakamaa kwa gundi. Kikopo alichoshika ni cha pili asubuhi hii.

Kikipelekwa maabara kikiwa na mate matupu, mashine itasema fundi hana kifua kikuu, naye atarudi kwenye chumba kimoja anacholala na mkewe na binti yao wa miezi saba. Atakuwa ameambiwa uongo kwa mara ya pili. Uongo wa mara ya kwanza ulipita mikononi mwa mwanamke huyu anayemfundisha kukohoa.

Wagonjwa humwita Mama Vikopo. Ana umri wa miaka hamsini na miwili, na kwa miaka sita kazi yake imekuwa moja: kuwasaidia watu watoe makohozi ya kweli, yale ya kifuani, ambayo maabara inaweza kuyatumia. Huwaonyesha namna ya kusukutua mdomo kwa maji, kuvuta pumzi ndefu mara mbili na kuishikilia, kisha kukohoa katika pumzi ya tatu, "kama unayemfukuza mdai mlangoni." Posho yake hulipa kodi ya chumba na ada ya mjukuu. Inayobaki ni nauli ya wiki mbili, na wiki mbili nyingine hutembea dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi.

Hakuisomea kazi hii darasani. Miaka kumi na moja iliyopita alikuwa akiuza mitumba, na alikohoa kwa miezi mitano huku vikopo viwili vikisema ni mzima.

"Nilipewa kikopo nikaambiwa, nenda nje ukateme," anasimulia. "Nikatema. Kutema ninajua tangu utotoni. Hakuna aliyeniambia kuwa kutema na kukohoa ni vitu viwili."

Kikopo cha tatu alikisimamia muuguzi mmoja mtu mzima, aliyemshika mgongo na kumfundisha. Wakati huo Mama Vikopo alikuwa na kilo thelathini na nane. Yeye alipona. Mdogo wake, waliyekuwa wakilala naye kitanda kimoja, hakuiona mvua iliyofuata.

Kwa hiyo watafiti walipofika zahanati miezi kumi na minne iliyopita na kumwomba ajiunge nao, hakuuliza atapata nini. Wanataka kujua kama kijiti cha pamba kikisuguliwa juu ya ulimi kinaweza kuugundua ugonjwa sawasawa na makohozi. Watu mia sita wanahitajika, na kila mmoja hutoa vyote viwili. Majibu ya makohozi hutolewa siku inayofuata na ndiyo yanayoamua tiba. Vijiti hufungiwa ndani ya jokofu, na majibu yake hayatafunuliwa kwa yeyote mpaka utafiti umalizike, ili asiwepo wa kuyapindisha matokeo kwa matumaini yake.

"Kijiti kikishinda, mimi nakwenda nyumbani," husema, na wagonjwa hucheka. Halafu huongeza, bila kucheka, kwamba atakwenda akiimba.

Maabara ina sheria moja ambayo Mama Vikopo huifundisha kwa kila anayeingia kazini: namba ya mgonjwa huandikwa kwenye kikopo chenyewe, kamwe si kwenye kifuniko. "Kifuniko ni kofia," huwaambia. "Kofia huvaliwa na yeyote."

Siku aliyoivunja sheria hiyo ilikuwa Jumanne. Lilikuwa limefunguliwa boksi jipya la vikopo, na plastiki yake ilikuwa laini mno kiasi kwamba wino uliteleza na kufutika kwa kuguswa tu. Aliomba karatasi za kubandika, akajibiwa kuwa zingefika kesho yake. Wagonjwa waliosubiri walikuwa kumi na saba. Akaandika kwenye vifuniko.

Kabla ya saa sita, vikopo vyote vilikuwa vimekwenda maabara isipokuwa viwili. Cha kwanza kilikuwa cha fundi viatu, cha pili cha mpishi wa shule. Kimoja kifuniko chake kilikaa upande na kilianza kuvuja. Alikifungua akifute. Kwa kuwa alikuwa na wasiwasi, alikifungua na cha pili akikague. Papo hapo mgonjwa mmoja alizidiwa na kikohozi nje, akaanguka. Mama Vikopo alikimbia kumwinua, akampa maji, akanawa mikono na kubadilisha glavu, kisha akarudi mezani. Vikopo viwili wazi, vifuniko viwili chali. Akavifunika na kuvipeleka.

Wazo lilimjia akiwa njiani kurudi nyumbani. Alisimama katikati ya barabara mpaka mwendesha baiskeli akamwuliza kama amepotea. Alijaribu kuikumbuka meza ile: kipi kilikuwa kulia, kipi kushoto? Haikumjia. Haikumjia usiku ule wala kesho yake, majibu yalipotoka. Mpishi alionekana na kifua kikuu. Fundi viatu alionekana safi.

"Nilijiambia, mikono yangu imefanya kazi hii miaka sita, itakuwa ilijua yenyewe," anasema. "Nikajiambia hivyo kila siku. Jambo la kweli huhitaji kulirudia namna hiyo."

Alinyamaza siku tisa. Mkataba wake, ambao huangaliwa upya kila baada ya miezi sita, ulikuwa mezani mwezi huo huo. Aliogopa kufukuzwa, lakini anasema aliogopa zaidi kwamba kwa ajili ya vifuniko viwili utafiti wote ungeitwa takataka, na makohozi ya watu waliojikamua vifua vyao kwa mapenzi mema yangemwagwa. Katika siku hizo alimwona mpishi akija kuchukua dawa, macho chini. Fundi hakumwona kabisa.

Siku ya tisa alikuwepo kibandani mzee mmoja, mwashi aliyestaafu, ambaye hakutaka mkwewe ajue kuwa amekuja kupimwa. Mama Vikopo akamtolea methali anayoitoa kila wiki: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mzee alimtazama, kisha akakitazama kikopo chake. "Na wewe mwenzetu unaficha nini?" akauliza. "Namba yangu umeiandika mara tatu."

Ilikuwa kweli. Aliiandika kwenye kikopo, kwenye kifuniko, na kwenye karatasi aliyoizungushia utepe. Alimaliza kumhudumia mzee, akavua glavu, akaenda kwa daktari anayeongoza utafiti na kumweleza yote akiwa amesimama.

Daktari, mwanamke aliye mdogo kwake kwa miaka kama ishirini, alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua sauti. Akauliza kwa nini hakusema siku ile ile.

"Niliogopa."

"Na sasa?"

"Sasa naogopa zaidi, daktari."

Mama Vikopo aliomba jokofu lifunguliwe. Namba za vijiti ziliandikwa kwenye mirija yenyewe iliyovihifadhi, kwa hiyo ukweli, kama anavyosema, ulikuwa umelala hatua kumi na nne kutoka kibandani kwake. Daktari alikataa. Kijiti hakijathibitishwa, alimweleza, na hakuna mtu anayeweza kuanzishwa wala kuachishwa dawa kwa kipimo ambacho bado chenyewe kinapimwa. Njia ilikuwa moja: watu wote wawili waitwe, waelezwe ukweli, wakohoe tena.

Mpishi alipatikana asubuhi iliyofuata. Mashine ile huona hata mabaki ya vimelea vilivyokwisha kuuawa na dawa, lakini katika kikopo chake kipya haikuona chochote. Daktari alimpiga pia picha ya kifua, ikawa safi, akamsimamishia dawa. Mama Vikopo alimwomba radhi mbele ya daktari.

"Siku nane nimekula kwenye sahani yangu peke yangu," mpishi alisema. "Wifi ameniwekea kikombe, amekifunga uzi ili watoto wasikiguse. Mimi nimekuelewa, mama. Nenda ukamweleze yeye. Na shuleni uende na koti lako hilo jeupe, wakuone vizuri."

Alikwenda kote kuwili. Wifi alimsikiliza mlangoni bila kumkaribisha ndani, akaenda jikoni, akarudi na kikombe na kukata uzi kwa meno. Shuleni walimrudisha mpishi kazini baada ya siku mbili.

Lakini kama mpishi alikuwa mzima, basi kikopo chenye ugonjwa kilikuwa cha fundi, na fundi hakuwa akijulikana alipo. Simu yake ilikuwa imezimwa. Pembeni mwa barabara alipokuwa akiweka kisanduku chake palikuwa na muuza vocha, aliyesema tu kwamba fundi alihamia panapopita watu wengi. Fomu yake ilieleza kwamba anaishi nyuma ya kiwanda cha matofali, mlango wa buluu. Mama Vikopo alifika na kukuta milango ya buluu ishirini na sita. Mwenye nyumba alinunua rangi moja kwa mtaa mzima.

Alichokuwa nacho ni kumbukumbu moja. Fundi alimwambia, wakisubiri kikohozi kije, kwamba anashona kila kiatu kwa uzi mwekundu, kwa sababu aliwahi kupata robota zima la uzi huo na halitaki kuisha. Basi kwa siku mbili Mama Vikopo alitembea akitazama miguu ya watu. Alasiri ya siku ya pili alimwona mwanamke mwenye sandali iliyoshonwa kisiginoni kwa uzi mwekundu.

"Dada, samahani, hicho kiatu umeshonewa wapi?"

"Kwani kimekupendeza?" mwanamke akauliza, akiutazama mguu wake kwa mashaka, kisha akamwelekeza kwenye kona ya tatu.

Fundi hakufurahi kumwona. Alitoa mfukoni karatasi ya majibu, iliyokunjwa mara nne. "Mliniambia niko safi. Mke wangu aliposikia alinirudishia mtoto nimbebe. Leo unaniambia nini?"

Alimwambia kila kitu, akiwa amechuchumaa kando ya kisanduku, mbele ya mteja aliyesimama mguu mmoja akisubiri kiatu. Fundi aliendelea kushona mpaka mwisho wa mshono. Kisha akauliza kibanda kinafunguliwa saa ngapi.

Ndiyo maana asubuhi hii Mama Vikopo hataki mate. Anampa maji asukutue. Anavuta pumzi pamoja naye, ya kwanza, ya pili, akiwa bado upande unakotoka upepo. Katika ya tatu fundi anainama, na kikohozi kinatoka chini kabisa, kirefu, kikimtoa machozi. Mama Vikopo anakitazama kikopo kwa mwanga.

"Hayo," anasema taratibu. "Hayo ndiyo, mwanangu."

Anaandika namba ubavuni mwa kikopo, anamsomea fundi, anamtaka aisome mwenyewe kwa sauti. Ndipo anakifunika.

Mashine inachukua saa mbili. Wanaketi ncha mbili za benchi wakiutazama mlango wa maabara. Saa nne na dakika kumi daktari anatoka mwenyewe, karatasi mkononi. Fundi ana kifua kikuu. Vimelea vyake vinatibika kwa dawa za kawaida, miezi sita, na anaanza leo.

Fundi haulizi habari zake. Anauliza, "Na mtoto?"

Jumatatu tatu zimepita tangu asubuhi hiyo. Mke wa fundi amepimwa, hana ugonjwa. Binti yao amechunguzwa, na hana dalili zinazotosha kusema ndiyo wala hapana. Anapewa dawa ya kinga kila siku, na kila Jumatatu analetwa kupimwa uzito. Wiki ya kwanza aliongezeka gramu themanini. Wiki mbili zilizofuata mshale haukusogea.

Mama Vikopo amepewa onyo kwa maandishi. Kosa lake limeripotiwa kwa kamati ya maadili ya utafiti, na mkataba wake unasubiri uamuzi wa kamati hiyo. Vikopo laini vimerudishwa vilikotoka. Akibakishwa, ana mpango wa kuomba afundishe wakusanyaji wapya, na anasema somo la kwanza litakuwa Jumanne ile, yote, pamoja na siku tisa zake.

Bado anawashawishi wagonjwa wajiunge na utafiti, na sasa huwaeleza sababu nyingine. Mtoto wa miezi saba hafundishiki kukohoa. "Nimemshika, nikamtazama kifuani, na ujuzi wangu wote ukawa haufai kitu," anasema. "Kijiti kikishinda hapa, labda siku moja kitafika kwa wasioweza kukohoa. Kinifute kazi."

Ni Ijumaa, na anafuta mizani ya watoto kwa kitambaa, ingawa hiyo si kazi yake. Anauweka mshale kwenye sifuri, anaondoa mkono, anahakikisha haujacheza.

"Hayo ya kijiti ni ya miaka," anasema. "Mimi kwa sasa naiomba Jumatatu tu. Hata gramu ishirini."