Muuguzi Aliyeniamkia Leo Mabawa

Jamani, leo nimeamkiwa shikamoo nikaishiwa nguvu.

Asubuhi nimesikia serikali imekipeleka mahakamani kile chuo cha Usagara nilikokuwa karani. Kimetoa shahada bila ithibati.

Shahada zenyewe nilizichapa mimi.

Mchana nikampeleka mama zahanati, huku Mabawa, akachomwe sindano.

Muuguzi akaja na sindano mkononi, kachangamka kweli. "Shikamoo dada! Shahada yangu si ulinichapia wewe?"

Nikamwitikia marahaba. Namkumbuka. Darasani hakukanyaga hata siku moja.

Mama akamwombea dua papo hapo: "Mungu akuzidishie elimu, mwanangu." Akapandisha mkono wa buibui.

Nami nikamshikia buibui, sindano ikaingia. Nyie mngesema?

Mama amelala sasa.

Kila nikiandika mstari, naenda kusikiliza kama anapumua.